Ladha ya tumbaku: anza na moja, uisubiri

Nimekulia Urambo, mkoani Tabora. Msimu wa kukausha tumbaku ukifika, usiku mzima mabani, yaani vibanda vya kukaushia, yananukia asali na nyasi kavu. Nilipoacha sigara huku Uingereza nikaanza kujichanganyia mwenyewe maji ya vepu (sigara ya kielektroniki), harufu hiyo ndiyo niliyokuwa naisaka. Nilihangaika miezi kadhaa kwa sababu nilianza vibaya. Chupa ya kwanza niliimiminia ladha nne kwa mkupuo, jumla asilimia 18. Ikawa kama kunywa maji ya kisahani cha majivu. Niliimwaga yote, na sikuweza hata kujua ni ipi kati ya zile nne iliyoharibu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, chukua ladha moja. Chupa ya mililita 10, ladha asilimia 4 au 5, basi; iliyobaki ni maji ya msingi, yaani gliserini na propilini glikoli. Bandika karatasi yenye jina, kiasi na tarehe. Kampuni hazilingani nguvu: ya mmoja inatosha kwa asilimia 2, ya mwingine hata 8 bado ni nyepesi. Hilo utalijua kwa kuonja tu.

Majina ya kwenye chupa yasikutishe. Virginia ni ile tumbaku yetu ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la bani: tamu, ina unyasi. Burley ni tumbaku ya hewa, inayokaushwa kwa upepo tu, inaelekea karanga na kakao. Latakia hufukizwa moshi wa kuni, na mtu wa Songea anayeijua tumbaku ya moshi atapata picha. Hiyo ianze na asilimia 1, maana ikizidi kidogo utadhani unavuta samaki wa kubanika. Kuna pia asetili pirazini, kemikali ya ladha yenye harufu ya bisi na ganda la mkate. Nusu asilimia inaipa Burley mwili, lakini ikifika 2 inafunika kila kitu.

Ladha zilizotolewa kwenye jani halisi ndizo zinazokaribia tumbaku kuliko zote, lakini koili, ule waya unaopasha maji moto, inakuwa nyeusi ndani ya siku chache. Mimi natumia zile za maabara siku za kawaida.

Usiihukumu chupa siku ya kwanza. Ikiwa changa inanuka kama manukato makali. Iweke kabatini, gizani, uionje baada ya wiki, kisha wiki ya tatu. Chupa yangu ya Virginia niliyoiona mbovu kabisa nilikuja kuifungua siku ya 22: rangi imekolea kama chai ya rangi nyepesi, na ule utamu wa bani umetokeza wenyewe. Matunda yanaweza kuwa tayari siku mbili tatu, lakini tumbaku haitaki haraka.

Pima kwa mizani inayosoma gramu 0.01, achana na mabomba ya sindano. Gliserini ni nzito, mililita moja ina gramu 1.26 hivi, propilini glikoli ina 1.04. Ladha nyingi zimeyeyushwa kwenye propilini, kwa hiyo zipigie hesabu hiyohiyo.

Sasa hapa nakuomba usikie vizuri. Usitie kitu chochote chenye mafuta: si mafuta ya karafuu, si ladha ya keki iliyochanganywa na mafuta. Mapafu hayana pa kuyapeleka. Mwaka 2019 Marekani watu walilazwa kwa maelfu, na waliokufa walifika 68 hadi Februari 2020. Kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotiwa kwenye vepu za bangi. Ladha za siagi na krimu zichunguze kama zina diasetili, kemikali ya harufu ya siagi inayodhuru mapafu. Nikotini ishike ukiwa umevaa glavu, na uifungie mbali na watoto, kwa sababu kiasi kidogo tu kikimezwa kinaweza kumuua mtoto. Huku inauzwa kwenye vichupa vya mililita 10, nguvu isiyozidi miligramu 20 kwa mililita. Kichupa kimoja cha miligramu 18 ukikitia kwenye mililita 50 za maji yasiyo na nikotini unapata mililita 60 zenye miligramu 3. Na kama hukuwahi kuvuta sigara, haya yote hayakuhusu, usianze.

Mchanganyiko ninaoutumia sasa una Virginia 4, Burley 2, pirazini nusu, na sukari hata tone haimo, kwa sababu inaunguza koili. Kila ladha kati ya hizo niliionja peke yake kwanza. Kwenye kabati kuna chupa ya nne ya mchanganyiko huu, ina siku 16, na bado sijaigusa.