Anayekusikiliza anausikia wimbo wako mara moja tu

Nimetunga nyimbo kwa zaidi ya miaka 30 na muziki haujawahi kunilisha. Nina kazi nyingine. Gitaa ni la jioni na siku za mapumziko. Kwenye madaftari yangu kuna nyimbo mia mbili na ushei, na zinazofaa kuimbwa mbele ya watu hazifiki 20. Ningeijua hesabu hii mapema, nisingekuwa nanuna kila wimbo uliponifia mkononi.

Nawe unayeanza, kumbuka kwamba wimbo wako umeusikia mara mia wakati unautunga. Anayekusikiliza anausikia mara moja, tena huku akimnong'oneza jirani yake. Hana karatasi ya maneno. Neno lisipomwingia limeshapotea, na wewe uko mstari wa tatu.

Niliwahi kutunga kiitikio chenye maneno "nishike barabara", yaani nishike sawasawa nisiponyoke. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini neno hili, kwa maana hiyo, ni kati ya machache yanayokiuka: mkazo hukaa kwenye "ra" ya kwanza, baRAbara. Ukiupeleka kwenye "ba" ya pili, umepata njia ya magari. Sasa sauti niliyokitungia kiitikio ilikuwa inapanda na kutulia pale pale, kwenye "ba" ya pili. Niliipenda mno ile sauti, sikutaka kuisogeza. Baada ya shoo mzee mmoja akaniita pembeni: "Mwanangu, mlikuwa mnashikana au mnavuka?" Tulicheka wote wawili. Usiku ule ule nilikata mstari.

Tangu hapo kila mstari nausema kwanza kama maongezi, nikijipiga paja, nione mkazo unaangukia wapi. Waliotoka kwenye ushairi hudhani mizani ikitimia kazi imekwisha. Haijaisha. "Moyo wangu wakuita" ina mizani nane, na "sitaki nikuumize" nane vilevile. Lakini wa kwanza unaanza na mkazo papo hapo, MOyo, na wa pili unasubiri silabi moja, siTAki. Ukiiimba mistari yote miwili kwa sauti ile ile bila kurekebisha, utasikika unasema "SItaki", kama mgeni aliyeanza kujifunza lugha juzi. Dawa ni ndogo tu: ianzishe "si" kabla ya pigo, ili pigo liangukie "ta".

Halafu kii, yaani kimo cha sauti unachouimbia wimbo. Wengi huichagua wakiwa wameketi chumbani, wakiimba kwa kujibana wasiwasumbue majirani. Simama, toa sauti yote, imba kiitikio mara tatu mfululizo, usikilize ile noti ya juu kabisa mara ya tatu. Ikiwa unaifikia kwa kukunja shingo, shusha nusu toni mbili. Kodi za gitaa, yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, za A zigeuke za G, basi. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, haitakusaidia hapo, maana hupandisha tu. Mimi niliona aibu kushusha kwa miaka mingi, eti wenzangu watasema sauti imeisha. Hakuna aliyewahi kugundua.

Kuhusu kutyuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi zitoe noti sahihi, nina kisa cha kijinga. Vifaa vya kutyuni hupimia noti ya A, mizunguko 440 kwa sekunde, na vingi vina kitufe cha kuibadilisha namba hiyo. Kifaa changu kilikuwa kimebonyezwa ndani ya begi kikafika 445. Taa ya kijani inawaka kila uzi, nami natamba gitaa liko safi, kumbe nimempita mpiga kinanda kwa karibu moja ya tano ya nusu toni. Si nyingi kiasi cha kusema "umekosea", ila inatosha wimbo mzima usikike mchungu. Tulitazamana kwa ubaya mpaka mapumziko, kila mmoja akimlaumu mwenzake kimoyomoyo. Iangalie namba kabla ya kuiamini taa. Na nyuzi mpya usizifunge siku ya shoo. Zinavutika, zinashuka kila baada ya wimbo mmoja.

Maiki usiikumbatie kichwani kwa kiganja kama wanavyofanya kwenye video. Maiki nyingi za jukwaani zimetengenezwa zisisikie kinachotoka nyuma yake, na kiganja chako kinaharibu mpango huo. Sauti ya spika inaingia, inatoka tena, inaingia, mpaka filimbi ile inawatoboa watu masikio. Shika mpini.

Mwendo wa wimbo nao: woga hukimbiza. Kabla ya kuhesabu "moja, mbili", imba kiitikio kimoyomoyo, uchukue mwendo wake. Beti za mwanzo hukudanganya kwa sababu zina maneno machache, ukifika kiitikio umeshikwa na pumzi.

Mkitunga wawili, andikeni siku hiyo hiyo nani kaleta nini na mgawanyo wenu ni upi, mkiwa bado mnacheka. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki ya mtunzi huanza wimbo unapotungwa, bila kusubiri usajili, lakini mkataba huo hautajua kwamba sauti ya kiitikio ilikuwa yako na maneno ya mwenzako. Nilipoteza rafiki kwa wimbo ambao haukuwahi kutuingizia hata senti. Yeye anakumbuka daraja, kile kipande cha kati kisichofanana na beti wala kiitikio, alilitunga yeye, mimi nakumbuka vingine, na aliyekuwa na kalamu mkononi jioni ile hakuandika chochote. Wimbo wenyewe hatuuimbi tena, si yeye wala mimi, na ulikuwa mmoja wa zile ambazo hazifiki 20.