Geji Iache, Tazama Maji ya Nyuma

Juzi kijana mmoja wa Shimoni kaniandikia. Ana jahazi la kuwapeleka wageni Kisite, kwenye hifadhi ya bahari, la tanga, ila tumboni lina injini ya dizeli ya silinda tatu, maana wageni wa siku hizi hawana subira ya kungoja upepo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Asalaam aleikum, ami. Nikienda polepole geji ya joto imetulia. Nikiongeza moto nikimbie, inapanda mpaka king'ora kinalia. Fundi kaniambia nitoe themostati niitupe, huku kwetu hakuna baridi. Niitoe?"

Usiitoe, mwanangu; themostati ni kijilango kinachofunguka maji ya injini yakishapata joto. Na huyo fundi usimwite tena.

Niliposoma maneno yale damu ilinichemka, kwa sababu ni maneno hayo hayo, "itoe, huku hakuna baridi", yaliyoua injini niliyoilea miaka mingi, kisha lawama nikatwikwa mimi. Nitakusimulia. Na wengine mkae msikilize, kwa sababu najua wengi mnaopita hapa mna chombo, au mna hamu ya kuwa nacho, na ipo siku mtasimama juu ya injini iliyofunguliwa huku mtu wa mdomo mwingi akiwapa ushauri.

Kwanza tuelewane injini ya chombo inapozwa vipi. Gari lina rejeta na upepo. Chombo tumboni hakina upepo, kina bahari. Maji ya chumvi yanaingia kwa tundu lililo chini ya maji, yanapita kwenye koki, kisha kwenye chujio, kisha kwenye pampu yenye impela, kigurudumu cha mpira chenye mbawa, inayoyasukuma hadi kwenye kipozeo. Ndani ya kipozeo mna vijibomba vyembamba: maji ya chumvi yanapita ndani yake, maji matamu ya injini yanazunguka nje yake, na joto linahama bila maji hayo mawili kukutana. Maji ya chumvi yakitoka hapo yanamiminwa kwenye elibo ya ekzosi, kiwiko cha bomba la moshi, ili yaupoze moshi, halafu moshi na maji vinatemwa pamoja nyuma. Ziko injini zisizo na kipozeo, chumvi inapita ndani ya chuma chenyewe. Hizo hufanywa zifanye kazi kwa joto la chini, maana maji ya bahari yakipata nyuzi 60 hivi huanza kuacha ukoko kwenye njia zake.

Sasa angalia geji imefungwa wapi. Imefungwa upande wa maji matamu. Pampu ya maji ya chumvi ikifa, geji haina habari. Maji matamu yatachukua muda kupanda joto, na muda huo mpira wa ekzosi, ambao uhai wake ni yale maji ya chumvi, umeshaanza kuungua. Na kuna baya zaidi. Maji matamu yakivuja yakaisha, kihisio cha geji kinabaki hewani, na sindano inaweza kukaa chini imetulia huku injini inakaangika. Ndiyo maana mimi geji huitazama mwisho. Huanza nyuma.

Chombo ninachokisimulia kilikuwa yoti ya faiba, ya mlingoti mmoja, ikifungwa Mtwapa. Injini yake Perkins 4.108, silinda nne, mashine ya Kiingereza ya zamani, ngumu, isiyo na makuu. Tajiri, mwenye chombo, alikuwa Nairobi, akija Krismasi na likizo ya Agosti. Mimi ndiye nahodha, mimi ndiye fundi, mimi ndiye ninayelala ndani mvua ikinyesha. Kila mwaka nilimwandikia orodha: impela, zinki ya kuliwa na chumvi badala ya vijibomba, beliti, na kulanti, dawa ya maji ya injini. Kila mwaka impela anaikata. "Iliyopo si inazunguka bado?" Inazunguka, ndiyo. Mpira hauachi kuzunguka. Unakakamaa, unafanya nyufa kwenye mizizi ya mbawa, na siku ya kukatika unakatika uko mbali na nchi kavu.

Agosti moja tulikuwa tunatoka Kilifi kurudi Mombasa, kusi, upepo wa kutoka kusini, limeshika. Mwenye kuijua pwani hii anajua maana yake: upepo unakuja usoni, mkondo nao unakwenda kaskazini, vyote viwili vinakukataza njia. Kwa tanga peke yake ungepiga bisho, kwenda zigizaga kuukata upepo, mpaka usiku, na tajiri alikuwa na ndege ya jioni. Kwa hiyo ni injini mwanzo mwisho. Tulipofika mbele ya Ras Serani, tunageuza kuingia mlango wa Kilindini, sauti ya ekzosi ikabadilika. Ilikuwa ikitema na kukohoa maji, sasa ikawa kavu, kama mtu anayepuliza chupa tupu. Nikageuka. Nyuma hakuna maji, ni mvuke mweupe tu.

Geji je? Palepale ilipokuwa tangu asubuhi.

Tajiri akaniambia, "Mbona iko sawa?" Sikumjibu. Nikazima.

Akafoka, na kwa hilo simlaumu sana. Mbele yetu feri ya Likoni ilikuwa inavuka imejaa watu, na nyuma yetu meli ya makontena inaingia bandarini, na meli ile haina breki. Lakini maji yalikuwa yanajaa, na kusi lililotutesa siku nzima sasa lilikuwa upande wetu. Nikapandisha tanga, nikakaa ukingoni mwa mkondo kuipisha meli, nikaipisha feri, tukaingia ndani kwa upepo na maji tu, tukatia nanga pembeni bila kugusa kitu wala mtu. Mniwie radhi, hapa lazima nijisifu. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa majahazi ya Lamu na Pemba, na injini alizidharau zote bila ubaguzi. Jioni ile nilitamani awepo anione.

Nikafungua pampu. Impela ilikuwa imebakiwa na mbawa chache. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea: mbawa zilizokatika haziyeyuki. Zinasukumwa mbele mpaka zikwame mahali. Nikafungua mdomo wa kipozeo, nikachomoa vipande, nikavipanga juu ya kitambaa na kuvirudishia kimoja kimoja kwenye impela. Kimoja hakikuonekana. Nikamwambia tajiri kiko ndani, kati ya pampu na kipozeo kikubwa kuna kipozeo kidogo cha mafuta ya giaboksi, tufungue na hicho kabla ya kuwasha tena. Akatazama saa yake.

Kesho yake akaniletea fundi. Fundi wa malori, na katika malori ni hodari, simvunjii heshima. Akatia impela mpya, akawasha, maji yakatoka nyuma, picha ikapelekwa Nairobi. Ikienda polepole geji imetulia, ikitiwa moto inapanda. Kijana wangu wa Shimoni, unaitambua hadithi? Bwana yule akakuna kichwa, akasema ni themostati, itolewe, huku hakuna baridi. Nikasema kipande kiko ndani. Nikaambiwa nina kiburi.

Wakaitoa, wakaenda Lamu bila mimi. Gasketi ya silinda hedi ikaungua njiani, maji yakaingia kwenye oili, wakarudi wanavutwa kwa kamba. Na pale jetini, mbele ya watu niliokua nao, tajiri akasema injini iliuawa na nahodha aliyeizima ovyo mlangoni mwa bandari. Fundi wa tatu alipokuja kuifungua, kile kipande cha mpira kilikuwa ndani ya kipozeo cha giaboksi, kimeziba zaidi ya nusu ya njia. Alinipigia simu yeye mwenyewe kunieleza. Tajiri hakupiga. Mpaka leo tukikutana Mtwapa ananiamkia vizuri, ananiuliza hali ya watoto, na mimi naitikia.

Haya. Themostati si kitu cha nchi za theluji. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta sawasawa, inajaza kaboni, oili yake inashika unyevu. Na katika injini nyingi, themostati inapofunguka huifunga njia ya mkato ambayo maji huipitia injini ikiwa bado baridi. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupozwa, na ukitia moto inachemka kuliko mwanzo. Nani kawaambia watu kwamba kuondoa kitu ni kutengeneza?

Ndugu zangu, tuache uvivu. Ukiwasha injini, kabla hujafungua kamba, nenda nyuma ukatazame. Maji yanatoka? Yanatoka kwa nguvu ya jana? Ukiwa safarini, geuka tena utazame. Kisha tena. Mwanafunzi wangu mmoja alinicheka kwa kugeuka geuka kwangu, na sasa ana chombo chake na shingo yake haitulii.

Chujio lisafishwe kila siku ya safari wakati wa kusi, nyasi za bahari zinapong'oka na kuelea makundi makundi. Wakati wa masika maji ya Mtwapa na Tudor yanakuwa mekundu kwa udongo, yamebeba majani ya mikoko na kila takataka iliyotupwa bara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini bahari haisomi gazeti la serikali, na mfuko mmoja ukinata kwenye tundu la kuingizia maji, pampu inakauka na impela inaungua kwa muda mfupi sana. Bahari yetu ni ya joto, makombe yanaota haraka kwenye tundu hilo na ndani ya bomba lake. Chombo kikipandishwa pwani kupigwa rangi au deheni, chokonoa na tundu.

Impela ibadilishwe kila mwaka, na ya akiba ikae chomboni, si nyumbani. Unapoitia, ipake gliserini au sabuni ya vyombo, si grisi, na mbawa zote zilale upande mmoja kufuata mzunguko. Chombo kikilala miezi, itoe, maana mbawa zilizokunjwa muda mrefu hazirudi. Koki ifunguliwe na kufungwa mara kwa mara isije ikagoma siku unayoihitaji. Na injini ikikataa kuwaka, usishike stata ukasukuma na koki imeachwa wazi. Pampu inaendelea kuleta maji, hakuna moshi wa kuyatoa, yanajaa sailensa na kurudi mpaka ndani ya silinda. Hilo limeua injini nyingi kuliko joto, nathubutu kusema.

Kulanti ndiyo vita yangu ya kudumu na watu wa Mombasa. "Ya nini, huku maji hayagandi." Kulanti haizuii kuganda tu, inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Mtu ananunua injini ya mamilioni halafu anajaza maji ya kisima cha Mji wa Kale, maji ambayo sisi wenyewe hatuyanywi kwa chumvi yake, tunanunua ya mkokoteni. Changanya kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale maji safi yasiyo na chumvi, si asidi. Ukishindwa gharama hiyo, chombo hukiwezi. Nimesema.

Zinki ya kipozeo, kama chako kinayo, ikiliwa nusu itupe, isije ikaisha chumvi ikaanza kula vijibomba. Vijibomba hivyo vikiziba usivichokoe kwa waya, utavitoboa. Chukua chelewa za ufagio, ni ngumu za kutosha na haziumizi shaba. Ukoko ukikataa, kilaze kwenye siki, kisha kisuuze kwa maji matamu.

Basi kijana wangu, rudi kwenye jahazi lako. Injini inayotulia polepole na kupanda ikitiwa nguvu, mara nyingi maji yanapita lakini hayatoshi. Anza na chujio na tundu. Piga mbizi utazame mkuku na rafadha, yaani propela, kwa sababu chombo kilichoota makombe kinaifanyisha injini kazi ya kuvuta mawe. Fungua pampu, hesabu mbawa. Nenda kwenye kipozeo na chelewa zako. Kisha fungua elibo ya ekzosi utie kidole: kaboni na chumvi huifunga kutoka ndani hata tundu likabaki la kupita penseli, na kwa nje huoni kitu.

Themostati uiache mwisho, na usiitupe, ipime. Itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ining'inize kwa uzi isiguse chini, washa jiko. Nyuzi za joto zimechapwa juu yake. Maji yakifika hapo ianze kufunguka, na yakipoa ijifunge. Ikikwama, nunua yenye namba ile ile. Picha ya elibo nitumie ukishaifungua, na kama huyo fundi yupo hapo, mpe na yeye atie kidole.