Fimbo moja ya sangara ziwani na kolekole baharini

Mkuu, umeuliza kama fimbo moja ya kuvulia samaki inaweza kukutosha ziwani Mwanza na pia ukishuka Tanga baharini. Inatosha, ila inunue ukifikiria bahari. Fimbo inayohimili chumvi haisumbuliwi na ziwa. Ya ziwani ukiipeleka Tanga utaijutia.

Mimi ningechukua ya faibaglasi iliyochanganywa na kaboni, futi 7, ya kubeba mshipi wenye nguvu ya kuhimili uzito wa paundi 20 hadi 30. Kaboni tupu ni nyepesi na unamsikia samaki vizuri sana, lakini ikigongwa kwenye ubavu wa mtumbwi hupata ufa usiouona, halafu inakatika siku sangara mkubwa anavuta.

Kabla hujalipa, kagua pete za kupitishia mshipi. Zungusha pamba kidogo ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, pete ina ufa na itakula mshipi wako. Angalia na pale rili (kifaa cha kukunjia mshipi) inapokaa, maana vyuma vya kawaida hapo ndivyo vinavyoanza kutu.

Ukitoka baharini isuuze siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, tenganisha vipande vikauke kivulini. Kwenye mfuko usiitie ikiwa na unyevu.