Usirushe droni kabla hujatia maganda ya machungwa majini

Simama hapo hapo yakhe, usirushe droni kesho! Umeandika eti utapiga video ya mkondo, uitie kwenye programu ikutolee kasi ya maji halafu ndo mchague pa kupiga vigingi vya mwani, na kwamba maji hayataki kutiwa kitu chochote. Hilo neno nalijua, na miye niliambiwa hivyo hivyo na yule aliyetukodisha droni, pesa kachukua, kasema kompyuta inaona yenyewe.

Haioni maji! Inakata picha viboksi vidogo vidogo, inatazama alama za kila kiboksi zimesogea kiasi gani mpaka picha inayofata, inagawa kwa muda, basi. Sasa maji matupu yana alama gani? Viwimbi vya upepo na mng'aro wa jua. Sisi huku Chwaka, Unguja, tulipiga wakati wa kaskazi, maji yanajaa, upepo unasukumia ndani ya ghuba njia moja na maji, mishale ya programu ya kuonesha mwendo wa maji ikatoka imenyooka vizuri, 0.7 mita kwa sekunde. Tukasema hapa maji yanapita, mwani hautoungua. Shangazi yangu na wenzake wakafunga kamba 40. Wiki ya tatu mwani umeshika tope, matawi yanageuka meupe, ukiyagusa yanakatika mkononi, kamba zote 40, na mbegu walikopa. Wallahi mpaka leo nikimpita shangazi pwani roho inaniuma.

Nilikuja kujua siku tunang'oa vigingi, nimekaa kwenye ngalawa namenya chungwa, ganda nikalitupa. Likawa linakwenda polepole mno, linapanda linashuka, na viwimbi vinalipita kimoja baada ya kimoja. Tukapima kwa kamba ya mita 10 na saa ya simu, ganda likachukua sekunde 50. Yaani 0.2 mita kwa sekunde! Kiwimbi cha shibiri moja, mgongo hadi mgongo kama sentimita 20, kinakwenda zaidi ya nusu mita kwa sekunde hata maji yakiwa yamelala, sasa kikiwa juu ya mkondo jumlisha mwenyewe, utaona kompyuta ilitupimia viwimbi, si maji.

Kwa hiyo maganda kwanza. Yakate vipande, yamwage mengi upande maji yanakotoka, yanaonekana kwa rangi na yanazama kidogo upepo usiyashike, usitie vipande vya foam, lile povu gumu jepesi, vile vinapeperuka tu. Rusha droni usawa ambao ganda unaliona kwenye skrini. Na yapime mengine kwa kamba na saa, kwa mkono, siku hiyo hiyo. Saa na kompyuta zisipokubaliana, video itupe, hata iwe nzuri vipi.

Zikikubaliana, hiyo ni kasi ya juu ya maji tu, ya wastani mpaka chini watu huzidisha kwa 0.85. Programu tumia PIVlab, ya bure. Ila leo usiku nenda sokoni kanunue machungwa, watoto wale, maganda wakuwekee.