Sentensi Mbili, Miezi Saba

Jumanne iliyopita, saa tano usiku, simu ililia: marekebisho yangu yamepokelewa. Sentensi mbili tu kuhusu biti nata, alama moja ya ruhusa za folda, ndani ya mwongozo wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Nilimwamsha mke wangu. Hajui biti ni nini, lakini alinipa mkono, akarudi kulala, nami nikakaa macho mpaka adhana ya alfajiri.

Najua wengi mnaosoma hapa mna hamu ileile: kazi ya mikono yenu iingie kwenye mifumo inayotumiwa na dunia nzima. Basi nisikilizeni.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nasimamia seva, yaani kompyuta ya pamoja, yenye mfumo endeshi wa Linux kwenye ofisi ndogo ya wahasibu. Kulikuwa na watumiaji kumi na mmoja na folda moja ya pamoja. Siku moja nikapiga `ls -ld`, amri ya kuonyesha ruhusa za folda, nikaona `drwxrwxrwt`. Ile t ya mwisho ikanisumbua. Nikafungua mwongozo uliokuja na mashine. Ukasema kwamba hiyo ni biti nata, na kazi yake ni kuifanya programu ibaki kwenye sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu, ili ikiitwa tena ifunguke haraka. Nikajiambia: folda si programu, t hii haina kazi hapa. Nikaandika `chmod 777`, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, na t ikaondoka.

Wiki mbili baadaye dada wa mishahara alikuja mezani kwangu akiwa amekunja uso. Faili lake halipo. Mwenzake alikuwa akisafisha folda na kufuta vilivyoonekana vya zamani. Huyo mwenzake hakuwa na ruhusa hata ya kuandika ndani ya lile faili! Lakini kwenye Unix, mfumo endeshi wa zamani, na jamaa zake kama Linux, kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili lenyewe. Kunategemea ruhusa za folda linamokaa, na 777 inampa kila mtu ruhusa hiyo. Biti nata ndiyo iliyokuwa mlinzi. Ikiwepo, faili linafutwa au kubadilishwa jina na mwenye faili, mwenye folda, au mtumiaji mkuu, basi. Ndiyo maana `/tmp`, folda ya pamoja ya faili za muda, huwa 1777; ile 1 ya mbele ndiyo biti nata. Mlinzi huyo nilimfukuza mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu niliamini maandishi.

Nakala ya akiba ilikuwa ya siku tisa nyuma. Mishahara ilichelewa. Maneno niliyoambiwa siku ile mbele ya wenzangu siyaandiki hapa, ila sijayasahau.

Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba ile sentensi haikuwa uongo tangu mwanzo. Biti nata ilipoingia Unix mwaka 1974, kazi yake kweli ilikuwa kuiacha programu diskini tayari kwa matumizi ya pili, maana kumbukumbu ilikuwa ndogo na kusoma diski kulichukua muda. Hata jina lake kwenye C, lugha ya kuandikia programu, ni `S_ISVTX`, na limetokana na kuhifadhi matini ya programu, yaani maagizo yake. Maana ya folda ilikuja na 4.3BSD, toleo la Unix kutoka Berkeley, mwaka 1986. Linux, kwa faili la kawaida, haiijali kabisa. Mambo yalibadilika, maandishi yakabaki.

Nikaandika marekebisho: aya nne, zimejaa hasira. Wiki tatu baadaye mtunza mwongozo akanijibu mstari mmoja: leta ushahidi, na umtafute mtu akunyooshee Kiingereza. Mstari ule ulinikaa kooni. Miezi mitano sikugusa tena.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo mnapokosea ninyi mnaoniandikia kwamba mmekataliwa mkaacha. Aliyedai ushahidi alikuwa na haki, hata kama ulimi wake ulikuwa mkali. Jaribu mwenyewe kwenye mashine. Nilitengeneza watumiaji wawili na folda mbili, moja 0777 na nyingine 1777. Mtumiaji wa kwanza akaweka faili kote kuwili, wa pili akajaribu kufuta. Kwenye ya kwanza faili likaondoka bila kelele. Kwenye ya pili mfumo ukakataa: `Operation not permitted`. Nikanakili majibu yote kama yalivyotoka, pamoja na toleo la kiini cha mfumo.

Halafu nikajaribu kwenye FreeBSD, jamaa mwingine wa Unix, na nashukuru nilifanya hivyo. Kule mtumiaji wa kawaida akitaka kuweka biti nata kwenye faili lisilo folda, mfumo unamkatalia. Linux inamruhusu, kisha inapuuza. Kama ningeandika "mifumo yote" kama kwenye barua yangu ya hasira, ningekuwa nimeondoa kosa moja na kupanda jingine. Kwa hiyo taja mfumo unaousema. Jaribu kwenye mashine, taja mfumo, jaribu tena. Na usiifute historia: ile maana ya 1974 niliiacha, nikaiwekea tu kwamba ni ya mifumo ya zamani.

Kuhusu Kiingereza, sikumtafuta mtu. Sentensi mbili fupi zenye ushahidi chini yake hazihitaji mtu wa kuzinyoosha. Vijana, acheni kuona haya kwa lugha. Oneni haya kwa kuandika jambo ambalo hamjalijaribu.

Leo jioni nimefungua maelezo mengine, ya `find`, amri ya kutafuta faili. Bado yanafundisha `-perm +222` kutafuta faili zinazoandikika na mtu yeyote kati ya mwenye faili, kundi au wengine. Alama hiyo ya kujumlisha iliwekwa kando tangu 2005 kwenye `find` ya GNU, ile inayokuja na Linux nyingi, na sasa inakataliwa. Inayotumika ni mkwaju, `-perm /222`. Watumiaji wawili nimeshawatengeneza, na mashine inawaka.