Kuchongesha Mauser ya 1871 kwa igizo la Lugalo: mbao, vipimo na makosa ya mafundi

Mwalimu, umeuliza utapata wapi bunduki sita za kuigizia vita vya Lugalo, pale Wahehe wa Mkwawa walipowashinda Wajerumani, kwa bei ambayo shule inaimudu, na kama zile za chuma zisizofyatua zinazoagizwa nje zinafaa. Hazifai, na bei si sababu pekee. Mauser (bunduki ya Kijerumani) ya kuigiza inayouzwa sana huko nje ni Kar98k, na jeshi la Ujerumani liliipokea hiyo mwaka 1935. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, aliuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mzee yeyote wa Kalenga, yaliyokuwa makao ya Mkwawa, anayejua bunduki ataiona tofauti hiyo kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Chongesha za mbao hapohapo Iringa au Mafinga.

Askari wa Zelewski walibeba Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, ya milimita 11, ya baruti nyeusi yenye moshi mzito. Ya askari wa miguu ilikuwa na urefu wa karibu mita 1.35, na ile fupi zaidi ya Jäger (askari wepesi wa Kijerumani) karibu mita 1.24. Kwa wanafunzi chukua ya 1.24. Kitu cha kwanza cha kumwambia fundi ni kwamba haina magazini, yaani kisanduku cha risasi. Chini, mbele ya kifyatulio, mbao inapita laini mpaka mbele. Mafundi wengi wameona AK kwenye televisheni tu, na usiposimamia hapo utaletewa bunduki yenye kisanduku kimening'inia tumboni. Mkono wa bolti unatoka kulia ukiwa umenyooka, haukunjwi kwenda chini. Chini ya mtutu kuna ufito mwembamba wa kusafishia. Hayo matatu yakiwa sawa, mtazamaji wa mstari wa tatu ameshaiona Mauser.

Usimpe fundi picha ya simu peke yake. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, ikuze mpaka urefu wote ufike sentimita 124, ichore kwenye kadibodi ngumu na uikate. Fundi afuate kadibodi.

Mbao nunua mwenyewe, fundi umlipe ufundi kwa kila bunduki. Ubao mmoja wa inchi 2 kwa 6 wenye futi 12 unatoa vitako vitatu, kwa sababu mtutu unatokeza kama sentimita 8 mbele ya mbao, hivyo kitako chenyewe hakizidi mita 1.16. Bunduki sita ni mbao mbili. Mninga ndio unaopendeza na kushika umbo, lakini mpaina wa Sao Hill, shamba la miti la Mafinga, unatosha kabisa ukiwa umekauka. Shida ya mpaina ni kwamba mara nyingi unauzwa mbichi: unachongwa umenyooka, baada ya wiki tatu unajipinda kama upinde. Ukiushika ukahisi ubaridi wa maji, au ukiukwangua kwa ukucha ukaacha alama ya unyevu, uache. Angalia pia nyuzi za mbao pale kwenye shingo, nyuma ya kifyatulio, ambapo kitako kinainama. Nyuzi zikikatiza shingo kwa mshazari, bunduki itavunjika hapohapo siku mwigizaji anapoanguka nayo. Kinga yake ni kutoboa shingo kwa urefu, kuchomeka kijiti cha mti mgumu cha milimita 10 na kukifunga kwa gundi ya mbao.

Sasa mtutu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usikubali bomba la chuma, hata fundi akikuambia ni rahisi na linapendeza. Kitako cha mbao chenye bomba lililo wazi mwisho hadi mwisho kinafanana mno na gobore, na kumweleza polisi baadaye kwamba ni la maigizo ni kazi ngumu isiyo ya lazima. Tumia mti wa duara wa milimita 20, kama mpini mzuri wa fagio. Ulazwe nusu ndani ya mfereji uliochimbwa kwa patasi ya mviringo, gundi, kisha mikanda ya bati ya upana wa sentimita 1.2 izungushwe juu ya mti na kitako pamoja. Mdomoni toboa kwa biti ya milimita 11, kina cha sentimita 1.5 basi. Kwa mbali ni shimo la kweli, kwa karibu kila mtu anaona ni mti mtupu.

Mtutu upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Ikikauka, saga risasi ya penseli ya 6B iwe unga, usugue kwa kitambaa. Weusi unageuka kijivu cha chuma kilichoshikwa mikono mingi, na kingo za mikanda zinang'aa kidogo. Kitako kisipakwe vanishi, kinakuwa kama mguu wa meza. Kama ni mpaina, pitisha maji ya pamanganeti kutoka duka la dawa: yanaingia ya zambarau, na baada ya muda mfupi mbao inakuwa kahawia. Vaa glavu. Juu yake mafuta ya linsidi mara mbili, maana rangi hiyo hupauka zikiachwa juani.

Uzito nao unasahaulika. Ya kweli ilikuwa na kilo 4 na ushee. Ya mpaina haifiki 2, na mwanafunzi anaibeba kama ufagio. Toboa kitako kutoka nyuma mashimo mawili ya kina cha sentimita 20, tia vipande vya nondo ya milimita 16. Nondo hiyo ina kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo unaongeza karibu gramu 630. Mimina gundi na uzibe kwa kizibo cha mbao, la sivyo zitagongagonga jukwaani.

Agiza moja kwanza, uilinganishe na kadibodi, ndipo utoe hela ya tano zilizobaki. Kabla ya kuzisafirisha, mkuu wa shule aandike barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) akitaja idadi, kwamba ni za mbao tupu, na tarehe ya onyesho. Nakala yenye mhuri ikae na mwalimu anayezisindikiza, na bunduki zifungwe kwenye turubai, zisionekane kwenye basi wala stendi.