Neno lingali hai, maana yake ya kale imekufa

SWALI: Natafsiri mafundisho yanayotumia Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Katika 1 Wathesalonike 4:15 imeandikwa kwamba walio hai "shall not prevent" waliokwisha kulala. Nikiandika "hatutawazuia" naona haikai sawa. Halafu kamusi inaweka alama za "obsolete", "archaic" na "rare". Zinatofautianaje?

JIBU: Mashaka yako yana msingi. Wakati ule "prevent" lilikuwa na maana ya kutangulia, kama asili yake ya Kilatini, praevenire, yaani kuja kabla. Ndiyo maana Biblia yetu ya Union Version imeandika "hatutawatangulia". Maana ya kuzuia ilichipuka humo humo, kwa kuwa anayekutangulia anaweza kukuzibia njia, na sasa imebaki hiyo peke yake.

Maneno ya namna hii yanastahili tahadhari kubwa kuliko yale mageni kabisa. Neno geni utalitafuta tu; unalolizoea hulitafuti. "Corn" walilofuata ndugu zake Yusufu kule Misri ni nafaka. Si mahindi, ambayo yalitoka Amerika baada ya 1492. "Meat" ni chakula cha aina yoyote, na "suffer" ya Marko 10:14 ni kuruhusu. Linalotatiza zaidi ni "let" katika 2 Wathesalonike 2:7: pale ni kuzuia, kinyume kabisa cha matumizi ya leo! Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, cha kuruhusu na cha kuzuia. Matamshi yao yakaja kufanana, na cha kuzuia kikafifia. Masalia yake yamo kwenye pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", bila kizuizi.

Sasa alama. "Obsolete" ni neno au maana iliyokwisha kuachwa. "Archaic" ni la kizamani, ila watu bado hulitumia kwa makusudi katika sala, sheria au ushairi, kama "thou". "Rare" haihusu umri; ni kwamba wanaolitumia ni wachache, hata kama neno ni jipya.

Kamusi ndogo za wanafunzi hazitakufaa, kwani nyingi huacha maana zilizokufa. Tumia Oxford English Dictionary, iliyoanza kutolewa mwaka 1884 na kukamilika 1928. Alama yake ya msalaba mdogo huonyesha kilichokufa, na mara nyingi huwekwa kwenye maana moja tu huku neno lenyewe likiendelea kuishi. Chini ya kila maana kuna mifano yenye miaka. Linganisha miaka hiyo na 1611 kabla ya kuchagua.

Ukisharekebisha mstari huo, angalia pia Zaburi 119:147. "Prevented" ya pale ni ile ile: mtunga zaburi aliamka kabla ya mapambazuko.